Safu ya Dalili

Baba yangu mdogo yuko hai, na jambo hilo bado linanikera. Nasikia yuko Rwamgasa, huko Geita, kwenye dhahabu, kanenepa, ana duka la sululu na makoleo, na vijana wanamwamkia shikamoo kila asubuhi. Wanaoniletea habari hizi hudhani wananifurahisha kwa kuwa ni ndugu yangu. Huwa naitikia, "Ee, vizuri," kisha siku hiyo nzima sufuria za nyumbani kwangu zinapata taabu.

Niseme mapema kwamba sijasamehe. Padri ameniambia nisamehe, shangazi zangu wameniambia, hata fundi cherehani wa jirani, ambaye hakuulizwa, ameniambia. Nimewasikiliza kwa adabu zote. Anayetaka kusoma habari za moyo mweupe atafute kwingine. Lakini katika mambo haya kuna moja nililolifanya mimi, kwa vidole vyangu, na hilo sijamwambia yeyote kati yao.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani mpiga chapa wa idara ya maendeleo ya jamii, katika halmashauri moja ya huko Shinyanga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepanga chumba kimoja Ngokolo, nina taipureta ya serikali yenye herufi zinazonata na mashine ya kudurufu iliyonipaka wino mpaka viwiko. Nilijiona mtu mkubwa. Kijijini kwetu, upande wa Samuye, nilikuwa msichana wa kwanza kupata kazi ya kukaa kwenye kiti.

Aliyenifikisha kwenye kiti hicho ni bibi yangu, mama wa baba. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, na babu naye akafuata, kwa hiyo alinilea peke yake. Alinisomesha kwa karanga na kwa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo mtu wa kwetu akivikosa huona hajala. Miti ilikwisha zamani upande ule. Bibi alipikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba ya nyasi isiyo na dirisha, na moshi wa samadi hauna huruma na macho. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nimjue. Ya jirani zake yalikuwa mekundu. Hata yangu yalikuwa mekundu. Siku yangu ya kwanza shuleni mwalimu aliniuliza nani kanipiga.

Miaka ile wanawake wazee walikuwa wakiuawa katika nchi yetu kwa sababu ya macho hayo. Sitalizungushia maneno. Mtoto akifa kwa homa, au ng'ombe wakipukutika, mtu alikwenda kwa mganga wa ramli, na mganga alimwambia kuna mama mzee, jirani, mjane, macho mekundu. Jina hakulitaja, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Vijana waliingia katika kazi hiyo polepole. Kijana alianza kwa kumwamini mganga, akaja kumrushia bibi wa watu jiwe mbele ya wenzake wanaocheka, na mwishowe alishika panga.

Halmashauri ikaamua kuchukua hatua, na hatua zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kuwakusanya vijana walioanza kuelekea huko na kuwafundisha kabla hawajafika kwenye panga. Nyingine ilikuwa kuwaandikisha wazee walio hatarini, ili viongozi wa vijiji na sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wawe na macho juu yao. Mkuu wangu wa kazi, ambaye wote tulimwita bwana maendeleo, aliyapokea maagizo hayo kwa moyo mmoja. Alikuwa mtu wa kutoka mbali. Kisukuma chake kiliishia kwenye "wabeja," yaani asante, na alilitumia neno hilo hata pale alipotakiwa kusema pole. Ningependa sana kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa, alikuwa akiwanunulia wafagiaji chai.

Yeye ndiye aliyechora fomu, kwa rula na kalamu nyekundu. Juu aliandika: Orodha ya Wazee Wanaoshukiwa Uchawi, kwa Ajili ya Ulinzi. Chini yake safu tano: namba, jina, umri, kitongoji, dalili. Nilimuuliza hiyo dalili ni ya nini.

"Ni kile kinachofanya watu wamshuku," alinieleza. "Lazima tujue hatari inatokea wapi."

Nikaona ina maana. Nimekaa na neno hilo miaka mingi sasa, na kila nikilitazama naona jinsi nilivyokuwa mjinga, lakini siku ile niliona ina maana, nikaitumbukiza stensili kwenye mashine.

Majina yaliletwa na wenyeviti wa vijiji. Kwetu waliandikwa wazee saba, wote wanawake, na bibi yangu alikuwa namba nne. Dalili: macho mekundu, mjane, anaishi peke yake. Nilipoliona jina lake nilifurahi. Nilikuwa nikilala Ngokolo nikimuwaza katika nyumba ile ya nyasi, na sasa serikali yenyewe ilikuwa imemkumbuka. Herufi moja ya jina lake ilitoka hafifu, nikachana stensili nzima na kuipiga upya, ili asije mtu akakosea akamlinda mwingine.

Ukuta wa ofisi ya kijiji chetu nilikuwa naujua vizuri, na hapo ndipo nilipopaswa kutumia akili yangu ya sekondari. Kwenye ukuta ule serikali ilibandika majina ya wasiolipa kodi. Ilibandika ya wasiochimba vyoo. Ilibandika ya walioshindwa kung'oa mabua ya pamba kwa wakati. Katika maisha yangu yote haikuwahi kubandika jina la mtu kwa sababu inampenda. Mtu wa kwetu akiambiwa jina lake liko ukutani hakwenda kulisoma, alikwenda nyumbani kuficha mbuzi.

Bwana maendeleo akaagiza orodha ibandikwe wazi, ili jamii nzima ishiriki katika ulinzi. Ikabandikwa katikati, kushoto wasiolipa kodi, kulia wasio na vyoo, na muhuri wa halmashauri chini. Kijiji kizima kilielewa kitu kimoja tu. Serikali imefanya uchunguzi wake, na wachawi ni hawa saba.

Hapo sasa ndipo anapoingia baba yangu mdogo. Alikuwa mtoto wa mdogo wake babu, kijana wa miaka thelathini hivi, sauti nene, mikono mizuri. Alikaa Rwamgasa miaka miwili akichimba. Mwaka wa kwanza duara lake, yaani shimo lao la dhahabu, lilitoa kidogo, akamletea mama yake jiko la mafuta ya taa, la kwanza kijijini. Tulikwenda kulitazama kwa zamu. Mwaka wa pili duara likatoa mawe matupu, huku la jirani likitajirisha watu. Badala ya kuhamisha sululu akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia bahati yake imekaliwa na mama mzee wa upande wa maawio ya jua. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa upande wa maawio ya nyumba yao, hatua kama mia mbili, na katikati kulikuwa na uzio wa minyaa tu.

Alirudi kijijini na mzigo huo moyoni, lakini peke yake hakuwa na nguvu. Watu walimpenda bibi. Alikuwa amekanda migongo ya akina mama wa nusu ya kijiji walipokuwa wakijifungua. Kilichompa nguvu ni karatasi yangu.

Filimbi ya sungusungu ilipulizwa asubuhi, watu wakakusanyika mbele ya ofisi. Baba mdogo alisimama, akaisoma orodha kwa sauti, safu kwa safu, maana alikuwa amefika darasa la saba. Alipofika namba nne akasoma mara mbili. Kamanda wa sungusungu, mzee mwenye wasiwasi, akauliza kama hawa hawakuandikwa walindwe. Baba mdogo akamjibu maneno ambayo niliyapata kwa watu zaidi ya watano, na wote waliyasema vilevile:

"Serikali ina vipimo vyake, kamanda. Serikali haikosei."

Sita walitengwa. Kutengwa kwetu ni kwamba hakuna anayekusalimu, hakuna anayekupa kaa la moto, hakuna anayeteka maji ukiwa kisimani. Namba nne alikuwa na baba mdogo, kwa hiyo kwake kutengwa hakukutosha. Saa sita mchana, bibi akiwa bado lamboni na ndoo yake, baba mdogo alivuta mkono mmoja wa nyasi za paa, akauwasha, akaurudisha paani. Vijana wanne walikuwa naye. Mama yake, yule tuliyemwita bibi mdogo, alikuwa amekaa kwenye mlango wake ng'ambo ya minyaa, akitazama. Hakusema neno. Hilo nililiweka akilini kwa herufi kubwa.

Bibi alirudi akakuta moto. Wakamrushia mawe mawili ya kumfukuza, moja likampata bega. Alitembea mpaka barabarani na nguo aliyovaa, lori la pamba likambeba, na saa tisa alasiri alikuwa amesimama nje ya dirisha langu, kichwa kimejaa majivu na nyuzi za pamba.

"Ng'wanone," aliniita, mwanangu, "nimekosa nini kwa serikali?"

Nilitoka mbio. Bwana maendeleo naye akatoka, akatazama, akasikitika kweli.

"Huyu mama yumo kwenye orodha?" akauliza.

"Namba nne," nikasema.

"Unaona?" akasema. "Orodha ilikuwa sahihi."

Akamnunulia chai na maandazi matatu. Katika taarifa ya robo mwaka, niliyoipiga mwenyewe, bibi yangu aliandikwa kuwa mzee mmoja aliyeokolewa.

Nilimpa kitanda, mimi nikalala kwenye mkeka. Ngokolo hakuizoea. Watu wa mjini walipita mlangoni bila kusalimia na kila mara alidhani wametangaziwa wamtenge. Kila siku alinieleza jambo lilelile kwa maneno tofauti, kwamba anataka kurudi kwake kabla ya mvua. Babu amelala pale, nyuma ya uzio wa minyaa, na upande wake wa kulia kuna nafasi iliyoachwa tangu siku ya kumzika.

"Nafasi ile ni yangu," alisema. "Mimi sina ugomvi na mtu. Wanioneshe tu mahali pa kusimamisha nyumba."

Mimi nilikuwa na ugomvi kwa niaba yake, na uliniamsha kila asubuhi kabla ya jogoo wa jirani.

Jambo moja lilitokea bila sisi kuliomba. Chumbani kwangu tulipikia mkaa, nje, upepo unapita. Nikamnunulia dawa ya kupaka machoni kwa mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la dawa karibu na soko, ambaye alimshika bibi kidevu na kumfundisha kuipaka kwa mkono safi. Baada ya miezi mitatu macho ya bibi yalitakata. Alikopa kioo changu, akajitazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Basi uchawi wenyewe umekwisha," alisema.

Nilicheka naye, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Miezi mitatu ya mkaa! Nyumba, mbuzi, karanga za mbegu, jina la mtu, vyote vimeteketea kwa kitu kinachoondolewa na magunia mawili ya mkaa.

Halafu ikaja zamu ya vijana. Halmashauri ilifungua semina ya siku tano ya kuwatoa vijana kwenye imani za ramli. Kila kijiji kilileta wawili, na kijiji chetu kilimleta nani? Kilimleta baba mdogo. Siku ya tatu bwana maendeleo alikuja kwangu uso ukimng'aa.

"Kuna kijana mmoja wa huko kwenu," akasema, "ana kipaji cha kuzungumza. Amesimama mbele ya wenzake akakiri kwamba alidanganywa na mganga. Watu wamepiga makofi. Tutamfanya mwelimishaji."

Alikuwa amekiri kudanganywa. Kuchoma nyumba hakukiri, maana hakuna aliyemuuliza. Nikaambiwa nimpigie cheti, na jina lake nilipige kwa herufi kubwa.

Siku ya kufunga alinikuta ukumbini nikigawa vyeti, amevaa fulana nyeupe ya semina, chupa ya soda mkononi. Alisimama mbele yangu akangoja. Mtu wa mjini huenda asielewe alichokuwa akingoja. Yeye ni ndugu wa baba yangu. Mbele ya watu, mimi ndiye wa kuanza.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, sauti ileile nene. "Mama mkubwa hajambo huko?"

Mama mkubwa ni bibi yangu. Aliyauliza hayo kwa upole kabisa, kama mtu anayemuulizia mgonjwa wa malaria. Nikasema hajambo. Akachukua cheti chake, akapiga soda funda moja, akaenda kupiga picha.

Nilirudi ofisini nikaketi mbele ya taipureta. Sikulia. Nilipanga.

Katika trei kulikuwa na kazi iliyongoja wiki nzima, orodha ya nyongeza ya vijiji, wazee waliosahaulika mara ya kwanza. Baada ya yaliyotokea bwana maendeleo alikuwa amejifunza kidogo, akaagiza hii isibandikwe popote, ikae kwenye faili tu. Kijiji chetu hakikuwa na jina la kuongeza. Nikaliongeza mimi. Niliandika jina la mama yake, bibi mdogo, umri wa kukadiria, kitongoji. Kwenye safu ya dalili nikaandika macho mekundu, mjane, anaishi na mtoto aliyekosa bahati ya dhahabu. Niliipiga polepole na kila herufi ilitoka vizuri. Bwana maendeleo alisaini mafungu ya karatasi bila kusoma, kama kawaida yake ya Ijumaa. Nikapiga muhuri. Nakala moja nikaiweka kwenye faili, na nyingine kwenye bahasha ya kaki, nikaandika juu yake ofisi ya kijiji, nikaitia kwenye mkoba wa tarishi.

Nilijua wataibandika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ukuta ule. Na nilijua nilichokuwa nakitaka, sitajifanya sikujua. Nilitaka asimame mbele ya ukuta, filimbi imepulizwa, watu wamemzunguka, asome jina la mama yake kwa sauti yake nzuri. Nilitaka kamanda amkumbushe kwamba serikali haikosei. Basi aseme imekosea, na akisema hivyo aiweke wapi nyumba ya bibi yangu? Au anyamaze, amtenge mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Sikuona mlango wa tatu. Nilipotembea kurudi Ngokolo siku ile nilinunua nyama nusu kilo, nikampikia bibi, na nikala mimi zaidi yake.

Mlango wa tatu ulikuwepo. Unaitwa basi la Geita.

Wiki ya pili, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nafua uani, nikasikia mtu anabisha hodi kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mwangaluka." Alikuwa bibi mdogo. Alikuwa na kifurushi cha michembe, na kichwani, juu ya kata ya nguo, amebeba jiwe. Lilikuwa jiwe dogo la kusagia la bibi yangu, lile la kushika mkononi, limelika upande mmoja kwa miaka ya kiganja kilekile. Nilisimama na povu mikononi.

Bibi alitoka chumbani. Wale wazee wawili wakashikana mabega, wakakaa chini palepale kwenye mchanga, na bibi mdogo akaanza kueleza.

Alisema siku ile ya moto aliogopa, akafunga mdomo, na tangu siku ile hakupata usingizi. Kulipopoa aliingia kwenye majivu akatafuta kilichobaki, akapata lile jiwe. Akafagia uwanja. Kila wiki alifagia, nyasi zisije zikaota watu wakasema nyumba imekufa. Kisha akaanza kwenda kwa mama mmoja mmoja, yeye akiwa mama wa aliyechoma, akisema mwanangu amekosa, mwenzangu arudi. Kwa kuwa aliyasema yeye, walimsikiliza. Kamanda naye akakubali. Walikuwa wamepanga, pamba ikishapimwa, wachinje mbuzi, vijana walewale wanne wakate nyasi wasimamishe nyumba, na yeye mwenyewe aje mjini kumchukua bibi.

"Zilibaki wiki mbili," alisema. "Ndipo ikaja karatasi nyingine."

Wakamwita mwanawe aisome. Aliisoma kimoyomoyo kwanza, akacheka, akasema ni makosa. Kamanda akamuuliza, "Si ulituambia serikali haikosei?" Baba mdogo akatazama chini. Akasema, "Basi kama imeandika, imeandika." Akaenda nyumbani, akachukua begi lake na ile fulana nyeupe, akapanda basi. Alichukua na jiko la mafuta.

Mama yake alitengwa mchana huohuo. Siku tatu hakupata kaa la moto. Wanawake aliokuwa amewashawishi walijifungia, maana sasa maneno yake yote yalikuwa maneno ya mchawi anayemwombea mchawi mwenzake. Siku ya nne akabeba jiwe akaondoka.

Nilisikiliza yote nikiwa nimesimama karibu na beseni. Nilitaka kufurahi. Kwa kweli nilikipata nilichokitaka, neno kwa neno. Kamanda alisema sentensi yangu kana kwamba nilimpigia chapa. Nikajaribu kumchukia bibi mdogo kwa ukimya wake wa siku ile, lakini sikuweza kuliondoa jiwe mbele ya macho yangu.

Bibi mdogo alipokwenda kunawa, bibi alibaki amekaa. Alikuwa akimtazama mwenzake kule kwenye ndoo, akiinama, akijimwagia maji usoni.

"Walisema karatasi imeandika nini juu yake?" aliniuliza.

"Sijui, bibi."

"Amesema imeandika macho mekundu. Huyu amepikia jiko la mafuta miaka miwili. Macho yake ni meupe, hata kipofu angeona. Mwenyekiti anamjua. Kamanda anamjua. Hakuna mtu wa kijijini angeandika hivyo."

Mikono yangu ilikuwa imekauka povu, ngozi inavuta.

"Aliyeandika yuko mbali," bibi alisema, "na ana hasira."

Alinyanyuka kwa kushika ukuta. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliongea kwa sauti ya chini, ya kunituma dukani.

"Hutamwambia. Akijua, hatakula chakula chako, na hana pengine pa kula. Utamlisha mpaka afe. Mimi nitakaa hapa nikuone unamlisha."

Akakaa kweli. Mvua ikaja, ikapita, ikaja tena. Kijijini hakuna aliyezungumza tena habari ya kuwarejesha, na aliyeweza kuizungumza alikuwa chumbani kwangu akichambua mchicha. Bibi alikufa mwaka wa tatu, macho yake yametakata, tukamzika makaburi ya mjini, kati ya watu asiowajua. Ile nafasi ya upande wa kulia wa babu iko vilevile. Baba mdogo hakuja msibani. Alituma salamu.

Kwa hiyo sijasamehe. Namchukia yule mtu kwa bidii, na ninaangalia chuki hiyo isipungue, kwa kuwa ikipungua nitakuwa sina wa kumtazama isipokuwa mimi.

Bibi mdogo aliishi miaka sita mingine. Alisaga karanga miaka yote hiyo kwa jiwe lile, na hakula hata mara moja bila kushukuru kwanza. Alikuwa akipokea sahani kwa mikono miwili, ananitazama kwa macho yale meupe.

"Wabeja, ng'wanone," alikuwa akisema. "Usingekuwepo wewe, mimi ningekwenda wapi?"

"Kula, bibi," nilimjibu, kila siku, "chakula kinapoa."